Geji ya joto ya gari la zamani: jinsi ya kujua kama mshale unadanganya au injini inachemsha kweli

Mshale wa geji ya joto ukianza kukaa mahali pasipoeleweka, wenye magari hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaobadilisha themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto), wakaja pampu ya maji, wakamalizia na rejeta mpya, na mshale usibanduke pale ulipo. Na wapo wanaosema "hiyo geji yake ndivyo ilivyo", wakaendelea na safari mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua. Wote wameruka swali moja: maji yaliyo ndani ya injini yana nyuzi ngapi hasa?

Mpaka swali hilo lijibiwe kwa kipimajoto kisichohusiana na geji, kila kinachofuata ni kupiga ramli. Kwa hiyo tutaanza na joto la kweli. Kisha tutaukata mzunguko wa umeme katikati ili tujue kosa liko upande wa injini au upande wa dashibodi, ndipo tuguse vifaa kimoja kimoja.

Andaa multimita, taa ndogo ya kupimia ya volti 12, kipimajoto cha infraredi (kile chenye umbo la bastola), kipimajoto cha kutumbukiza kwenye maji, brashi ya waya, msasa na kipande kirefu cha waya. Kama una kitabu cha ufundi cha gari lako, kiweke karibu. Gari liwe nje, mahali penye hewa, kwa sababu injini itawaka muda mrefu.

Onyo ni moja ila ni kubwa: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kifuniko cha bar 0.9 huyazuia maji kuchemka mpaka yafike karibu nyuzi 119. Ukikifungua maji yakiwa na nyuzi 105, mgandamizo unaondoka papo hapo, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Vilevile feni ya umeme kwenye magari mengine huweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, basi weka mikono mbali nayo.

Ijue geji yako kabla ya kuigusa

Magari ya zamani yana geji za aina tatu, na kipimo kinachofaa aina moja kinaweza kukupotosha kwenye nyingine.

Ya kwanza haina umeme kabisa. Nyuma yake, badala ya waya, unatoka mrija mwembamba wa shaba unaokwenda hadi kwenye injini na kuishia na kichupa cha chuma kilichozama kwenye maji. Ndani mna kimiminika kinachogeuka mvuke kikipata joto na kuusukuma mshale. Mrija ukipasuka au ukikunjwa vibaya, mshale hulala chini kabisa na haunyanyuki tena. Hapa huna cha kupima kwa multimita. Injini ikiwa baridi, chomoa kichupa, kitumbukize kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto, kikiwa bado kimeungwa na geji yake, na ulinganishe. Kikishindwa, geji nzima huenda kwa wataalamu wa kuijaza upya au hubadilishwa. Kazi imeishia hapo.

Ya pili ni ya bimetali: kipande cha metali mbili kimezungushiwa waya mwembamba, umeme ukipita kinapata joto, kinapinda na kuusukuma mshale. Utaitambua kwa uvivu wake. Washa swichi injini ikiwa na joto, na mshale utapanda taratibu kwa sekunde kadhaa.

Ya tatu ni ya sumaku, yenye koili zinazovutana. Yenyewe huruka mara moja ukiwasha swichi. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye suala la volti, kama utakavyoona mbele.

Jambo moja zaidi kwa wenye magari ya miaka ya 1990 na kuendelea: watengenezaji wengi walianza kuzituliza geji kwa makusudi, mshale ukae katikati kabisa kuanzia takriban nyuzi 80 hadi 105 au zaidi, ili dereva asipate wasiwasi wa bure. Geji ya namna hiyo ikiondoka katikati kuelekea H (alama ya moto), usifikirie kuipima. Zima gari.

Hatua ya 1: joto la kweli

Anza asubuhi, gari likiwa limelala. Injini baridi, swichi imewashwa: mshale unapaswa kuwa kwenye C (alama ya baridi) au chini yake. Ukiwa umeshapanda nusu ya njia, tayari unajua kuna kosa la umeme.

Sasa hakikisha rejeta imejaa maji. Wengi huona hili ni dogo, kumbe ndilo linaloua injini nyingi. Sensa, yaani kifaa kilichofungwa kwenye injini kinachoiambia geji joto, hupima maji yanayoigusa. Maji yakipungua mpaka ncha yake ikabaki kwenye hewa, inaweza kusoma chini huku silinda hedi inaiva. Dalili yake barabarani ni mshale kushuka ghafla wakati gari linapanda mlima, na hita ya ndani ikianza kutoa hewa baridi. Dereva hushukuru kwamba joto limepungua, kumbe maji yameisha. Kama umebadilisha maji karibuni, toa pia hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, kwa sababu nayo huleta kichekesho hichohicho.

Mfumo ukishajaa, washa injini na uiache ipate moto. Lenga kipimajoto cha infraredi kwenye nyumba ya themostati, karibu kabisa na ilipo sensa. Hapa wengi hukosea. Kifaa hiki hakisomi vizuri alumini inayong'aa. Kinaweza kukuonyesha nyuzi 50 mahali penye 85. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, au paka rangi nyeusi isiyong'aa, kisha lenga hapo kwa ukaribu. Bomba la mpira husomeka vizuri lenyewe. Tegemea namba iwe chini ya joto la maji kwa nyuzi chache, kwa sababu unapima ngozi ya nje.

Huna infraredi? Injini ikiwa baridi, ondoa kifuniko cha rejeta, ning'iniza kipimajoto cha kutumbukiza shingoni mwake mbali na feni, halafu washa injini. Maji yatapanda na kumwagika kidogo. Themostati ikifunguka utayaona yakianza kukimbia na namba itaruka. Zima ukifika nyuzi 85 hivi, maana bila kifuniko mfumo hauna mgandamizo wa kuyazuia kuchemka. Na kama gari lako lina soketi ya OBD-II, ile ya kusomea kompyuta ya gari, yaani la Marekani kuanzia 1996 au la petroli la Ulaya kuanzia 2001, kisomaji kidogo cha Bluetooth kitakuonyesha joto linalosomwa na kompyuta, kutoka kwenye sensa nyingine kabisa.

Andika namba mbili kila baada ya dakika chache: kipimajoto kinasema nini, na mshale uko wapi. Themostati imechongwa joto lake la kufunguka, mara nyingi 82 au 88. Injini isiyo na kosa ikipata moto inapaswa kutulia hapo au juu yake kidogo. Kama kipimajoto chenyewe kinaonyesha 60 baada ya mwendo mrefu, geji yako inasema kweli na themostati imekwama ikiwa wazi. Kikionyesha 108 na kuendelea kupanda, achana na makala hii ukashughulikie rejeta, feni, pampu au gasketi. Kikionyesha 86 huku mshale ukigusa H, au mshale ukiwa haujanyanyuka kabisa, twende pamoja.

Hatua ya 2: kata mzunguko katikati

Tafuta sensa ya geji. Kwenye injini zenye sindano za petroli utakuta vitu vitatu vinavyofanana karibu na themostati: sensa ya kompyuta, ambayo kwa kawaida ina waya mbili, swichi ya feni, na sensa ya geji, mara nyingi yenye waya mmoja tu, kwa sababu ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) inapitia tredi zake, yaani michirizi ya skrubu, kwenye injini. Watu wengi wamebadilisha ile ya waya mbili wakashangaa geji haikubadilika.

Zima swichi, chomoa waya wa sensa ya geji, uuweke usiguse chuma chochote. Washa swichi. Mshale ushuke hadi C. Ukibaki juu, waya umechubuka na kugusa ethi mahali fulani kati ya injini na dashibodi, au tatizo liko kwenye geji.

Kisha gusisha waya huo kwenye chuma safi cha injini kupitia taa yako ya kupimia. Mshale upande kuelekea H. Taa ina kazi yake hapo: inapunguza umeme. Wapo wanaogusisha moja kwa moja na kuacha. Koili ya geji ya bimetali inaweza kuungua kwa mtindo huo. Mshale ukishaanza kupanda, ondoa waya.

Magari machache yana mpangilio wa kinyume, basi thibitisha kwenye kitabu kama mshale unafanya kinyume kabisa na haya.

Mshale ukitii mara zote mbili, waya na geji vinafanya kazi kwa kiasi. Elekea kwenye ethi na sensa. Usipotii, kagua fyuzi, kisha fuata waya hadi nyuma ya dashibodi. Na kabla ya kufungua chochote, tazama geji ya mafuta. Zote mbili zikisoma juu kuliko kawaida, au zote zikiwa zimelala, hazikuharibika siku moja kwa bahati mbaya. Zina kitu zinachochangia: stebilaiza (kifaa cha kutuliza volti za geji), ethi ya dashibodi, au fyuzi.

Hatua ya 3: ethi, hasa ethi

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye kosa kwenye magari mengi ya zamani, na ndipo mafundi wengi wasipopatazama.

Sensa hizi hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Chukua sensa ya kampuni ya VDO ya skeli ya nyuzi 120, ambayo imeenea sana. Kwenye nyuzi 40 ina takriban omu 287. Kwenye 80 ina 69. Kwenye 90 ni 51, kwenye 100 ni 38 na nusu, na kwenye 120 ni 23 hivi. Angalia namba zinavyobanana huko juu.

Sasa chukulia kutu na uchafu kwenye tredi umeongeza omu 10 tu. Maji yakiwa na nyuzi 40, geji inaona 297 badala ya 287, kosa lisilozidi nyuzi moja. Maji yakifika nyuzi 100, geji inaona omu 48 na nusu, ikaonyesha kama nyuzi 92. Umeibiwa nyuzi nane palepale unapozihitaji. Ndiyo maana gari lenye ethi mbovu huonekana zima asubuhi, likaanza kudanganya likipata moto.

Kipimo cha haraka: injini ikiwa ya moto na inawaka, unga waya mmoja kutoka teminali hasi ya betri, gusisha ncha nyingine kwenye mwili wa sensa, si kwenye teminali yake. Mshale ukipanda, umempata mwizi. Kwa uhakika zaidi weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu kwenye mwili wa sensa, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa. Chini ya volti 0.1 ni safi. Ikizidi 0.2, hamisha ncha nyekundu kwenye bloku ya injini. Kama tatizo liko palepale, mkanda wa ethi kati ya injini na bodi au betri umechoka: fungua ncha zote mbili, sugua mpaka chuma king'ae, funga tena. Kama kwenye bloku ni safi ila kwenye sensa si safi, tredi ndizo zenye makosa.

Na hapo utakutana na tepu nyeupe ya mabomba. Fundi aliifunga sensa kwa tepu ili isivuje. Mara nyingi tredi huikata na umeme ukapita, lakini hupita kwa kusuasua, na kila ukiikaza kidogo geji inabadilisha hadithi. Toa yote, safisha kwa brashi, tumia washa yake ya shaba kama ipo.

Fanya kipimo hichohicho nyuma ya dashibodi. Mshale unaocheza unapowasha taa kubwa, au unaopumua kwa kufuata indiketa, unakuambia ethi ya dashibodi imelegea. Chomoa betri kabla ya kuingiza mikono huko.

Hatua ya 4: stebilaiza ya volti

Hii inawahusu wenye geji za bimetali peke yao. Joto ndani ya geji hiyo hupanda kwa mraba wa volti: betri ikiwa na 12.4, kisha altaneta ikapandisha hadi 14.2, joto linaongezeka kwa karibu asilimia 31. Bila kitu cha kuzituliza volti, mshale ungepanda kila ukikanyaga mafuta. Geji za sumaku hazina shida hii, kwani koili zake hupata ongezeko kwa pamoja.

Magari ya Kiingereza yenye geji za Smiths, kama Land Rover Series III, hutumia kiboksi kidogo kinachotoa wastani wa volti 10. Teminali B huingiza umeme na I huupeleka kwenye geji. Ford nyingi za zamani za Marekani hutumia volti 5 hivi. Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani, kifaa hiki kimo ndani ya geji ya mafuta yenyewe, kwa hiyo geji ya mafuta ikifa inaweza kuondoka na ya joto.

Stebilaiza ya kizamani hukata na kuunga umeme kwa vidokezo, yaani ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana, hivyo multimita ya namba itarukaruka na huenda ukadhani imekufa. Tumia taa ya kupimia kwenye upande wa kutoka. Ikiwa inawaka na kuzima, nzima. Ikiwaka bila kukatika, vidokezo vimegandana au mwili wake hauna ethi, na geji zote zitasoma juu. Isipowaka kabisa, imekufa, na geji zote zitalala. Ukibadilisha, chukua ya kielektroniki. Ndani huwa na regulita ya kawaida kama 7810 kwa volti 10, na haina vidokezo vya kuungua. Hakikisha tu volti zinalingana na za gari lako.

Hatua ya 5: sensa ndani ya sufuria

Ethi ni safi, volti ni sahihi, mshale bado hauelewani na kipimajoto. Injini ikiwa baridi, toa sensa.

Kwanza itazame. Ukoko mweupe wa chokaa kwenye ncha huichelewesha kuhisi joto, ukwangue taratibu. Kisha ifunge kwa waya ili ining'inie, ncha ya shaba ndani ya maji, teminali ikiwa juu ya maji, bila kugusa kitako cha sufuria. Multimita iwe kwenye omu, ncha moja kwenye teminali na nyingine kwenye mwili. Weka kipimajoto kando yake.

Pasha maji polepole, ukikoroga. Andika omu kwenye nyuzi 40, 60, 80 na 90, kisha uzime moto na usome tena maji yakipoa. Namba za kupanda na za kushuka zilingane. Zikiachana sana, au omu zikiruka ghafla, sensa imepasuka ndani. Usitegemee kuchemka kwa maji kama alama ya nyuzi 100: ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu nyuzi 95. Soma kipimajoto.

Sensa inaweza kupita mtihani huu vizuri kabisa na bado ikawa si ya gari lako. Sensa mbili zenye tredi moja na rangi moja huweza kutofautiana omu kwa mbali, na duka likakuuzia "inaingia". Inaingia kweli. Linganisha namba zako na za kitabu, au nunua kwa namba ya kipuri. Na usilazimishe tredi ya kupungua ncha kwenye tundu la tredi sawasawa; alumini hupasuka.

Hatua ya 6: geji yenyewe

Iliyobaki ni geji, na unaweza kuipima bila kuwasha injini. Chukua rezista zenye omu ulizosoma kwenye sensa, za wati 2 au zaidi ili zisiungue. Kwa mfano wetu wa VDO, omu 68 inasimama badala ya nyuzi 80, omu 39 badala ya nyuzi 100, na omu 22 badala ya nyuzi 120. Unga kila moja kati ya waya wa sensa na ethi, washa swichi, subiri dakika mbili mshale utulie, uone unasimama wapi. Ukisimama pasipo mahali pake huku volti na ethi ni nzuri, geji imepoteza vipimo. Baadhi ya geji za bimetali zina vishimo vidogo nyuma vya kurekebishia mwanzo na mwisho wa mshale. Zungusha kidogo sana, ukirudia rezista ya chini na ya juu kwa zamu, maana kila moja huivuruga nyingine.

Kuna ujanja wa kuongeza rezista kwenye waya wa sensa ili mshale ushuke, au kuiunga kando ya sensa ili upande. Siupendi. Unarekebisha sehemu moja ya skeli na kuharibu nyingine, na mara nyingi inayoharibika ni ile ya karibu na H. Utumie tu kama sensa ya asili haipatikani tena, na uamue kwamba sehemu itakayokuwa sahihi ni kuanzia nyuzi 90 kwenda juu.

Ukimaliza, jaza maji, toa hewa, endesha gari mpaka lipate moto, kisha rudia kipimo cha tepu nyeusi. Weka alama ndogo kwenye kioo cha geji mahali mshale unapokaa kwenye joto la kawaida, na nyingine mahali rezista ya nyuzi 105 inapousimamisha (omu 33 au 34 kwa VDO). Ukibadilisha sensa siku nyingine, alama hizo zipime upya.